Bahasha Kumi na Moja

Mfuko umevunjwa. Barua imesema hivyo,
kwa adabu, kwa herufi nzito, kwa nembo mpya:
kuanzia Januari kila raia atajichagulia bima.
Wiepkje amezipanga bahasha kumi na moja
mezani, kati ya sufuria ya supu ya njegere
na miwani ya Douwe, ambayo Douwe haivai.

Miaka thelathini na minane mfuko uliwachagua wao.
Ulimchukua Douwe na goti lake la darajani
(fungua, funga, mashua za mchanga zipite),
ulimchukua yeye na mimba zake mbili na mtoto wake mmoja.
Hakuna aliyewahi kumuuliza:
Bibi, mwakani ungependa kuugua nini?

Sasa wanauliza.
Kifurushi cha msingi. Kifurushi cha msingi chenye nyota.
Meno ni nyongeza. Macho ni nyongeza.
Goti, kama ni la zamani, tazama ukurasa wa arobaini.
Katika kila kijitabu yumo mzee juu ya baiskeli
anacheka, meno thelathini na mawili,
na Wiepkje anajiuliza hayo meno kayalipia nani.

"Chukua hiyo ya bluu," anasema Douwe.
"Kwa nini?"
"Ni ya bluu."

Anapiga simu. Muziki. Anapiga tena. Muziki uleule,
kinanda, kama mtu ashukaye ngazi asifike chini.
Supu imeungua.
Nje ni saa kumi na moja, giza limeshakaa kitako,
mfereji umeanza kuganda kandokando.
Mchagua nazi hupata koroma, sawa,
lakini asiyechagua, barua inasema, hutozwa faini.

Basi anaacha kujumlisha. Anageuza bahasha moja
na mgongoni mwake anaandika majina, si euro:
Hylke wa duka la dawa, ajuaye vidonge vipi vya Douwe
havikai chungu kimoja, bila kutazama kompyuta.
Nesi Aaltsje, mikono baridi, ulimi wa moto.
Daktari wa moyo kule Leeuwarden, aliyesema "tutaona"
na kweli akaona.
Kisha anasaka kwa kidole, kijitabu baada ya kijitabu:
nani kati ya hawa kumi na mmoja anawajua hawa watatu?

Mmoja tu.
Na amewazidi wenzake kwa euro tisa kwa mwezi.
Euro tisa ni jibini la wiki mbili.
Anamtazama mumewe anavyopuliza supu iliyoungua,
anavyoila bila neno,
na anatia sahihi upesi, kama mtu anayebandua plasta.

Asubuhi kioo cha gari ni barafu tupu.
Douwe anatafuta kikwaruzo, hakioni,
anachomoa kadi ya mfuko wa zamani
na kukwangua nayo. Inakwangua vizuri.
Anaipangusa kwenye suruali,
anasita,
anairudisha pochini, mahali pake.