Misumari ya Nchi Mbili

Mimi sikushika bunduki. Nilishika kalamu ya wino wa buluu,
bohari namba nne, bandari ya Mwanza Kusini,
na mvua ya Novemba ilipiga bati
kama karanga zinazomwagwa kwenye ungo.

Behewa lilifika usiku kutoka Tabora,
turubai limekazwa, askari wawili juu yake wamelala wameketi.
Afisa alisema bila kunitazama usoni:
Andika misumari.
Ya nchi ngapi, mkuu?
Akafikiri. Yoyote. Mbili.

Nikaandika: misumari, nchi mbili, masanduku 312.
Sanduku moja watu wanne, na wote mishipa inawatoka shingoni.
Lukonge, kuli wa Igogo, alitua lake akapangusa jasho:
"Karani, misumari hii kaifua mhunzi gani?"
Nikamwambia, beba.
Akabeba. Mji mzima ulikuwa unabeba siku zile.
Malori ya pamba yaliteremshwa marobota njiani,
madereva wakaambiwa wageuze vichwa:
unga, maharage yenye wadudu, viatu, betri za redio,
madumu ya dizeli yaliyonukia mpaka kwenye uji wa watoto.
Meli ilididimia gatini hadi mstari wake mwekundu ukazama,
na Rwegoshora, baharia wa Kanyigo,
ambaye kwao ni hukohuko misumari inakokwenda,
aliutazama mstari ule, kisha akanitazama mimi.
Hakuuliza. Alisema tu: Ongeza.

Nikaongeza. Kila jioni nikajumlisha:
imeingia, imetoka, baki.
Kwangu mimi vita vilikuwa safu tatu,
na ya tatu lazima isome sifuri ndipo nilale.
Huko mbele kulikuwa na mtu anahesabu pia, kwa vidole, gizani,
na sifuri yake haikuwa sawa na yangu.

Fundi Nkwabi akaja, seremala wa Mabatini.
Mjini hakukuwa na msumari hata wa dawa.
Akalisoma daftari langu kichwa chini miguu juu.
"Masanduku mia tatu," akasema,
"na mimi natengeneza jeneza la mtoto wa Nyamizi kwa gundi?"
Siri ya serikali ilinikaa kooni kama mwiba wa furu.
Nilifunga daftari.
Tulikuwa tumetahiriwa siku moja, mimi na yeye.
Akaondoka hakuaga.

Mwezi wa pili masanduku yakaanza kurudi,
matupu, yananuka grisi na kitu kingine.
Lukonge alibeba manne kwa mpigo, akacheka,
halafu akaacha kucheka.
Kumbe misumari ilikuwamo, kwenye mbao zenyewe:
ya kweli, myembamba, minane kila upande.
Usiku nikakaa na koleo nikaing'oa mmoja mmoja,
nikainyoosha juu ya jiwe nyuma ya bohari
(Mwanza utakosa vyote, jiwe hulikosi),
nikajaza kopo la maziwa,
nikaliacha mlangoni pa fundi kabla ya adhana.
Wiki nzima sikusikia neno. Ila nyundo niliisikia.

Mkaguzi alifika mwaka wa themanini na moja,
shati jeupe, kalamu nyekundu.
Akafungua ukurasa, akazungushia duara.
"Kwanza, haiandikwi *nchi*. Ni *inchi*. Ina i mbele.
Pili, misumari yote hii ilijenga nini?"

Nikatazama dirishani.
Rwegoshora alikuwa gatini anakunja kamba.
Kwao haukubaki ukuta wa kupigilia hata picha.
Nikajibu: Iliisha yote.
Akaandika, huku anatamka kwa sauti:
Maelezo ya karani hayaridhishi.

Nilitia sahihi chini yake. Kweli, hayaridhishi.
Lakini ile i
sijaiongeza mpaka leo.