Jina Chini ya Jina

Nimelipwa nusu ili niukwangue ukuta.
Nusu ya pili, amesema kijana mwenye jengo
kwa simu, akiwa Nairobi,
itaingia jina jipya likishakauka.
Basi nina msasa, nina kwanguo, nina ngazi ya kuazima,
na mbele yangu ghorofa mbili za Malindi
zilizochoka kuitwa.

Rangi ya juu inabanduka bila shida, kama ganda la yai:
SAFINA GESTI, na namba ya simu ya tarakimu tano.
Humu, mwaka wa El Nino, barabara ilipokatika,
walilala madereva wa malori ya chumvi ya Gongoni,
wawili kitanda kimoja, kichwa kwa miguu,
na Bi Zamzam, pamoja na kulala,
akawatoza kodi ya chandarua.

Chini yake bluu. Bluu mbishi, inakula msasa:
PENSIONI ORNELLA.
Huyu namkumbuka kwa sura.
Alijua Kigiriama kabla hajajua Kiswahili,
akigombania bei ya kamba sokoni kwa Kigiriama
mpaka wauzaji wakamshushia kwa haya.
Baba alisema: hawa mwaka wa vita
walikuja na ndege wakatuangushia mabomu,
leo wanakuja na ndege na mafuta ya kujipaka.
Akacheka.
Kisha akaenda kuwauzia mapapai.

Chini ya bluu hapana jina.
Pana namba 4, mshale, na neno MAJI.
Jeshi halikuandika zaidi.
Bibi yangu aliwafulia shuka hao Keya,
vijana wa bara, anasema,
risasi waliizoea, bahari hawakuizoea;
usiku walifunga madirisha ya upande wa pwani
na kulala wakitoka jasho.
Mmoja alisahau sabuni yake kibandani. Bibi hakuitumia.
Aliiweka miaka, ikapasuka kama udongo wa kiangazi.

Nakwangua.
Nyekundu sasa, herufi zenye mikia:
TAYABALI. VYUMBA. CHAI.
Tayabali alijenga kwa faida ya pamba,
na pamba ikaanguka bei paa likiwa bado halijafika.
Misimu mitatu ghorofa ya juu ilikuwa haina paa.
Kulala huko ilikuwa nusu bei,
na usiku wa mvua, bure.
Wapo waliongoja mvua.

Nilidhani nimefika mwisho.
Kumbe chini ya nyekundu kuna chokaa chenyewe,
na kwenye chokaa, kikiwa bado kibichi,
mtu alichora kwa msumari:
vijiti vitano vitano, mpaka thelathini na moja,
na jina, MWARINGA, herufi ya N imegeuka kinyume.
Vijiti ishirini na vitano vimekatwa kwa mstari.
Sita havijakatwa.

Nikakaa juu ya ngazi.
Hesabu hiyo sikuhitaji kufundishwa.
Dawa ya deni kulipa, husema wenye kukopesha;
fundi hana dawa, ana msumari.

Jumatatu nikapaka jina jipya, rangi ya dhahabu:
KASRI OPALI.
Opali ni nini sijui, na nikimuuliza yeye
anasema ni kitu cha thamani, wewe andika.
Nikaandika. Nikazunguka ile O polepole,
na tumboni mwake nikaacha kiganja kimoja bila rangi,
mahali pa vijiti sita.
Kutoka barabarani utadhani ni kivuli.

Jumanne nikapiga simu. Mtandao, akasema.
Jumatano, mtandao.
Leo hakushika.

Ngazi ya watu inadaiwa, lakini nimepanda nayo mara moja zaidi.
Vilikuwa sita.
Sasa ni tisa.