Mtumba wa Kwendea Mtumba

Nina milioni sita kasoro laki moja,
fedha ya kikoba na ya likizo nisiyokwenda.
Kutoka Nkuhungu hadi masijala ya wizara
ni kilomita ishirini na ushei, kila siku ya kazi,
na bodaboda ya mwezi wa sita, kwa upepo ule,
imenifundisha kukohoa kama mchimba madini.

Basi nikasema: nitanunua mtumba wa kwendea Mtumba.
Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka.

La kwanza lilikuwa Passo, namba D,
bluu ya sare ya shule.
"La mwalimu," alisema dalali.
"Analitoa Jumapili tu, dada, kanisani na kurudi."
Usukani umechubuka kama mpini wa jembe.
Kanisa hilo liko Kigoma?

La pili nilikwenda kuliona peke yangu.
Rangi ya fedha, viti vya ngozi,
vioo vinapanda vyenyewe,
redio inakusalimu kwa Kijapani.
"Kizuri chajiuza," alisema dalali yule yule.
Ningemuuliza yeye basi analipwa kwa lipi,
lakini moyo ulikuwa umeshakaa kiti cha dereva,
umefunga mkanda.

Kesho yake nilirudi na Ndahani,
mwenye gereji ya mabati matatu pale Chang'ombe.
Ndahani si msemaji.
Hakufungua boneti. Hakuwasha.
Alivua ndala, akaingia nyuma, akalala kifudifudi
kama mtu aliyeangusha sindano,
akabandua zulia pembeni ya kiti,
akachokoa kitu kwa ukucha, akakinusa,
akaniwekea kiganjani.

Udongo. Mweusi, laini, wenye harufu ya mtaro.
"Huu si wetu," alisema.

Wetu naujua: mwekundu, umo kwenye chumvi,
umo kwenye majalada yangu ya mwaka themanini na tatu,
umo kwenye shuka la mtoto ninalolifua kila siku.
Huu ulikuwa wa bondeni Jangwani,
wa mvua ile iliyoingia nyumba za watu
hadi kimo cha meza.
Gari lilizama, likaoshwa, likapuliziwa manukato,
likapandishwa huku kwenye ukame
ambako nani atashuku maji?

Dalali alipokea simu ambayo haikuita.

La tatu halikuwa na dalali.
Starlet, namba B, mlango mmoja wa kijani,
mingine iliwahi kuwa nyeupe.
Mwenyewe, Damari Malogo, mlima zabibu wa Hombolo,
alianza na maovu, bila hata kunikaribisha kiti:
"Shokapu ya kulia imekufa.
Kioo cha abiria hakishuki.
Rivasi ikigoma, ipige kofi, lakini la upole.
Anakunywa oili, nusu lita kwa mwezi, usimnyime.
Injini ilifunguliwa mara moja, risiti hii hapa.
Hilo doa nyuma ni la zabibu. Halitoki. Nimejaribu."

Nilingoja sifa. Hazikuja.

Ndahani alilala chini ya gari robo saa,
akatoka na vumbi hadi kwenye kope.
"Umesahau bushi," alimwambia. "Nazo zimekwisha."
Damari aliinama, akachungulia, akaguna,
akapunguza laki mbili pale pale
kama mtu aliyekamatwa na deni la dukani.

Milioni nne na nusu.
Iliyobaki imekwenda kwenye shokapu, bushi, bima,
na matairi mawili ambayo si mapya, ila ni mageni.

Sasa asubuhi natoka na jua usoni,
jioni narudi na jua usoni,
maana Mtumba iko mashariki na kwangu ni magharibi;
hilo hakuna fundi aliyenionya.
Wenzangu wa namba E hunipita Nzuguni wakipiga honi.
Nikiwapa lifti wanaopanda kushoto, huloa jasho,
na mmoja, mhasibu, alishuka na zabibu ya mwaka juzi
imechapwa kwenye sketi yake nyeupe.

Kila mwisho wa mwezi simu huita kutoka Hombolo.
Hanisalimu kwanza.
"Umempa oili?"