Ya Kumi na Tano

Ya kumi na nne ilikuwa bado juu ya matofali
baba mkwe aliposimamisha pikapu kando ya mtaro,
akasema, "Shuka. Ile pale."
Mimi niliona magugu,
na katikati ya magugu mti mchanga,
gome lake jeupe likibanduka kama karatasi.
Chini ya mti, nilipoinama, mashine ya kukatia nyasi,
ile ya kupanda na kuendesha,
mti umetokeza palipokuwa na kiti.

"Ya marehemu Ensio," alisema, akainua kofia kidogo,
kwa Ensio au kwa mashine, sijui.
Mjane alitaka dola kumi na mikate miwili.
Moyoni nikasema ghali. Wakwe hatujibizani.

Karakanani mwa Reino Lahti
kufa kufaana si methali, ni utaratibu wa kazi.
Ile ya kijani ilitoa mkanda.
Ile isiyo na jina, kabureta.
Ya saba, aliyoiita Mvivu, ikatoa gurudumu la kushoto;
la kulia ikalikatalia,
nati na ekseli zimeshikana kwa kutu, hazijui tena nani ni nani.

Ndani ya kichujio cha hewa panya alikuwa amejenga:
sifongo ya kiti, manyoya ya mbwa,
na risiti iliyotafunwa ncha, bado yasomeka:
plagi mbili, Juni, mwaka niliozaliwa.
Nikaitia mfukoni. Hakuuliza.

Pistoni ilikuwa imeganda.
Akamimina mafuta kwenye tundu la plagi,
akafunika kwa kitambaa, kama mtu anayeumua unga.
Kila asubuhi kabla ya kahawa
alilishika gurudumu la juu ya injini kwa mikono miwili,
akasukuma,
akarudi, akanywa kahawa.
Siku tisa.
Siku ya kumi hakurudi. Nikamfuata na kikombe.
"Imesogea," alisema. "Unene wa ukucha."

Arvid alikuwa melini, kule ziwani, wakibeba madini ya chuma;
simu yake moja kwa juma.
"Mzee anafanya nini?"
"Anangoja ukucha wa pili."

Na nyasi zetu wenyewe?
Zilifika madirishani. Mashine kumi na tano uani
na hapana aliyefyeka hata unyasi.
Bibi Duquette wa posta akaanza kuacha barua barabarani,
chini ya jiwe, akidai anaogopa nyoka.
Mzee akamwambia nyoka wa huku hawana sumu.
Hakumwambia hawapo.

Oktoba, tarehe ishirini na sita, saa kumi jioni,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
maana kiti hakijapatikana,
nikageuza ufunguo.
Mara ya kwanza, kikohozi.
Mara ya pili, moshi wa buluu, na harufu ya kiota kinachoungua.
Mara ya tatu,
sitasema ilifufuka, nimewazika watu, najua tofauti.
Iliwaka tu,
kama mtu aliyekatizwa maneno zamani
akaendelea pale pale alipoishia.

Tangu adhuhuri theluji ilikuwa ikianguka.
Nyasi zimelala, hazionekani.
"Tia gia," akasema.
"Nifyeke nini, baba?"
"Kilichopo."

Basi nikafyeka theluji.
Nikazunguka banda, nikazunguka pampu ya maji,
visu vikiirusha pembeni kama unga,
ndoo ikiniumiza, masikio yakiniwaka kwa baridi,
na nyuma yangu njia ya kijani ikifunguka
kisha ikijifunga polepole.
Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti, nilicheka.

Na yeye, miaka themanini na moja,
kofia nyeupe, nyusi nyeupe,
amesimama mlangoni mwa karakana na spana mkononi,
hacheki, anaipunga spana, ananipigia kelele juu ya injini:
"Pale! Pale kwenye ua!
Umeruka mstari!"