Sababu ya Kurudisha

Katika mtaa wa masonara, Hockley, Birmingham,
juu ya duka linalouza pete za uchumba kwa mkopo,
ninafungasha sarafu.
Glovu nyeupe za pamba, jozi mbili kwa siku;
kisanduku cha buluu, sponji yenye tundu,
cheti chenye nambari na picha ya meli.
Corrievane, kinasema cheti. Ilizama vita vya kwanza
na mikuo ya fedha mia nane na arobaini.
Roboti iliiokota gizani, mmoja mmoja,
kama kuku adonoaye mtama.

Fedha, kwetu, ni neno moja kwa vitu viwili.
Nilimweleza Doreen wakati wa chai. Akacheka:
"Basi nyie mkipoteza pesa
mmepoteza na vijiko."
Doreen ana miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kupiga chapa.
Kidole chake cha shahada hakinyooki.
Mashine ikishuka, sakafu hushtuka,
kikombe hucheza kwenye kisahani,
na kiduara butu hupata
kichwa upande huu, mawimbi upande ule.

Sikuwahi kuyaamini mawimbi yale.
Yamechongwa na mtu wa nchi kavu:
yote yana kimo kimoja.

Jumanne ikarudi moja, kwa posta, kutoka Hull.
Nambari mia sita na tatu.
Kazi yangu ni kuijazia fomu.
Sababu ya kurudisha, weka alama:
Ina doa.
Ina mkwaruzo.
Imechelewa kufika.
Mteja amebadili nia.
Niliigeuza chini ya taa. Haikuwa na doa.
Uso wangu ulikuwamo, mdogo, umepinda.

Chini ya sponji, karatasi iliyokunjwa mara nne,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika orodha za dukani:

"Babu yangu alikuwa mchochea makaa melini humo.
Mama alizaliwa miezi minne baadaye.
Nilidhani kitu kilicholala naye kule chini
miaka yote ile
kitakuwa na uzito fulani mkononi.
Nimeipima kwa mizani ya unga. Gramu thelathini na moja.
Jina lake silioni. Nimetazama
upande wa pili pia.
Sitaki pesa zangu.
Bi. Maureen Stathers."

Nilikaa na kalamu.
Wahenga walisema fedha fedheha,
nami siku zote nilidhani walimaanisha deni.
Pa "mengineyo" pana mstari mmoja tu,
mfupi kama ukucha. Nikaandika:
Nyepesi mno.

Bwana Haddleton, msimamizi, akasoma, akaipima upya.
"Uzito uko sawasawa," akasema,
bila ukali wowote,
akaifuta nyepesi
akaweka alama pa "amebadili nia".

Zinazorudi huenda kwenye tanuri.
Alhamisi Doreen alinipungia nije kidirishani.
Mawimbi ndiyo yaliyoanza kulegea,
na kwa mara ya kwanza
hayakulingana.

Ijumaa nimefungasha mia mbili na kumi.
Kila moja nimeiweka kwanza kiganjani,
glovu nimeivua, jambo lisiloruhusiwa,
nikahesabu hadi nne, nikaifunika.
Alama ya kidole haionekani leo.
Hungoja miezi, kisha hutokeza kahawia,
mistari na yote.

Wakizirudisha, fomu imeshajiandaa.
Ni nafasi ya kwanza kabisa, juu:
Ina doa.