Nane

Usiku Bwana Arvo, mtunza shule,
aliburuta mpira wa maji hadi uwanja wa nyuma,
akamwaga, akaacha, akaenda kulala.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi hatukutaka kuyazoa.
Alfajiri tulisimama juu yake.

Nilikuwa na miaka sita, Võru, mwezi wa Januari,
na viatu vya binamu yangu Tiiu, vyenye makali ya chuma,
vikubwa kwa namba mbili.
Mama alivijaza soksi za baba,
aliyekuwa ameondoka na hakuzirudia.

Mwalimu Salme hakutufundisha kuruka.
Mwaka mzima alitufundisha nane:
duara kwa mguu wa kulia, duara kwa wa kushoto,
na katikati kiuno chembamba kama cha nyigu,
panapobadilishwa mguu bila kutetereka.
Ukimaliza unarudia juu ya mstari uleule, mara tatu.
Kisha yeye anapiga magoti, anainamisha kurunzi,
anaisoma mikwaruzo kama barua kutoka ng'ambo:
"Hapa uliogopa. Hapa ulifikiria chakula."

Nilikuwa nimefikiria chakula.

Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, wakubwa wa mchezo,
huko mbali wanakokaa wakubwa,
waliifuta nane kwenye mashindano.
Mwalimu Salme alisikia habari redioni.
Akazima redio, akavaa glavu:
"Haya. Kila mtu na nane yake."

Kuteleza si kuanguka.
Ni kweli, ila mimi nilifanya yote mawili
mbele ya majaji tisa, jijini Riga,
ndani ya gauni la zambarau lililokuwa pazia la sebuleni kwetu.
Niliinuka. Muziki haukuningoja.
Nikaukimbilia, paja likiwaka moto,
uso ukijifanya hauna habari.

Medali sikupata. Nilipata mkataba.
Miaka tisa nilikuwa panya wa tatu
katika onyesho lililohama mji hata mji:
Leipzig, Gdansk, Lyon, na mahali fulani Uhispania
ambako barafu ililainika ikawa uji.
Ndani ya kichwa cha panya hakuna akuonaye ukilia
wala ukicheka. Kuna jasho, harufu ya gundi,
na matundu mawili ya kuchungulia.
Usiku mmoja, Lyon, umeme ulikatika.
Wenzangu walikuwa wameshatoka, mimi bado.
Sikujua la kufanya, nikachora nane gizani,
watu elfu tatu wakisikiliza chuma kikikata barafu.
Walidhani imepangwa. Wakapiga makofi.
Ni hayo tu ninayoyahesabu kuwa yangu.

Kisha nyonga ikasema basi.

Sasa ninafundisha Tallinn, ndani ya duka kubwa,
ghorofa ya chini, baina ya muuza miwani na muuza chipsi.
Wazazi hula wakitutazama kupitia kioo.
Wanataka mizunguko. Wanataka video.
Kertu, miaka saba, hataki kuuachia ukuta.
Simvuti; najua uzito wa mkono unaovutwa.
Nakaa chini kwenye barafu, suruali inalowa,
ananisimulia sungura wake aliyekufa,
alivyokula kabichi, alivyokuwa na sikio moja jeusi,
na ili kunionyesha urefu wa lile sikio
anahitaji mikono yote miwili.
Ukuta uko nyuma yake. Hajajua.
Sitamwambia.

Jumapili nilimpelekea Mwalimu Salme mikate ya iliki.
Macho yake yamekwisha. Akaniomba kiganja,
akachora kwa ukucha duara, kiuno, duara,
kisha akarudi polepole akasimama katikati.
"Hapa," akasema, "bado unaharakisha."