Nguoni Mwako

Saa kumi alasiri, Novemba, na Dundee imeshafumba macho.
Mto Tay hauonekani. Treni tu inasikika ikiuvuka,
kama mtu anayeburuta mnyororo
na hataki kuulizwa anaupeleka wapi.

Kazi yangu ni kukata.
Kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nakipokea kwa brashi, nakilaza kwenye kioo,
nakiandikia namba. Jina hatupewi.
Huyu ni mia nne na kumi na saba:
mwanamke, miaka themanini na miwili,
ubongo umesinyaa kama korosho iliyokaangwa mno.

Daktari Rattray huinamia hadubini
hadi mvi zake ziguse meza.
"Njoo uone."
Naona protini iliyoganda, ngumu,
ukoko uliogoma kutoka sufuriani,
na kuuzunguka, seli ndogo zenye miguu mingi.

Hao ni mgambo wa ubongo.
Siku njema hufagia, huzoa taka,
hupogoa matawi yasiyozaa.
Kisha siku moja ukoko unawashinda.
Wanaita wenzao. Virungu vinatoka.
Wanapindua meza ya mama ntilie asiye na kosa,
ya muuza mchicha, ya fundi viatu,
na jioni soko zima liko chini,
na ukoko uko palepale.

Nilimpa Daktari methali ya kwetu:
kikulacho ki nguoni mwako.
Akataka neno kwa neno. Nikafika la mwisho, nikakwama.
Mwako, yaani mwilini pako wewe.
Mwako, yaani moto unaposhika,
huo huo tunaoutafuta kwenye vioo.
Akacheka, akaliandika kwa kalamu ya bluu
kwenye mlango wa friji,
nyuzi themanini chini ya sifuri: MWAKO.

Miaka mitatu tulikuwa na dawa.
Panya waliipokea, na mgambo wao wakaweka virungu chini.
Tulinunua biskuti.
Kisha tukawatia panya majini watafute jukwaa
walilolijua wiki iliyopita,
wakaogelea, wakaogelea, ukuta kwa ukuta.
Moto ulizimika. Nyumba haikurudi.
Daktari aliandika hivyo hivyo kwa wafadhili,
bila sukari.

Machi, siku ya wageni, akaja Senga Lorimer,
koti jekundu, keki ndani ya kopo la bati.
"Mama yangu mnaye humu," alisema,
kama anayeulizia mkoba aliousahau kwenye basi.
Hatukujibu. Sheria ni sheria.

Mama yake alifuma magunia tangu miaka kumi na mitano.
Mashine zilinguruma hata wanawake
wakasemezana kwa midomo na vidole.
Mwishoni maneno yalimtoka moja moja,
jina la Senga likitangulia,
ila vidole vilibaki.
Senga akatuonyesha: gumba na shahada
vikishika sikio la kikombe kisichokuwapo, mara mbili.
Chai ipo.

Mimi mtoto wa mkonge, Korogwe.
Baba alirudi jioni na miiba viganjani,
nasi tuliitoa kwa sindano, taa ikiwa katikati.
Nilidhani nimezikimbia nyuzi.
Kumbe zilitangulia kufika.

"Mmefika wapi?" Senga aliuliza.
Daktari akatazama viatu vyake.
"Mbali na tulipoanzia.
Si karibu na unapotaka."
Senga akaitikia kwa kichwa, akaanza kukata keki,
vipande vinene, visivyolingana.

Tangu hapo, sentrifuji ikilia
na sauti haifiki upande wa pili,
Daktari husimama mwisho wa korido
na kuinua vidole viwili, mara mbili.
Naweka wembe chini.
Mia nne na kumi na saba yuko kwenye kioo,
nusu yake bado haijasomwa.
Nami nainua mkono, namjibu.